Rimoti ya Gari Haifungui au Haiwashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu magari yanayofunguka na kuwaka rimoti ikiwa mfukoni, hasa yale yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa: Harrier, Aqua, Fielder, X-Trail, Note, Demio, CX-5, Fit, Forester na ndugu zao. Wenye magari hayo huambiwa haraka mno kwamba rimoti imekufa, wanunue nyingine. Rimoti ina njia tatu za kuwasiliana na gari, na ni nadra zote tatu kufa kwa pamoja. Ukijua ni ipi iliyokufa, mara nyingi utatengeneza kwa gharama ya betri moja.

Njia tatu hizo ni zipi?

Ya kwanza ni vitufe. Ukibonyeza, rimoti inarusha mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi cha gari. Magari ya soko la Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 312 hadi 315, ya Ulaya hutumia megahezi 433.92. Njia hii inategemea betri ya rimoti.

Ya pili ni ile ya kugusa kitasa. Hapa gari ndilo linaloanza kuita. Antena zilizofichwa kwenye vitasa na ndani ya gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134, ambayo kwa Toyota hufika takriban sentimita 70 tu kutoka kwenye kitasa. Rimoti ikiyasikia inaamka na kujibu kwa redio ileile ya vitufe. Kwa hiyo rimoti ina sikio, yaani koili ndogo ya kupokea, na ina mdomo, yaani redio ya kurusha. Sikio likifa, mdomo unaweza kubaki mzima.

Ya tatu ni chipu ya imobilaiza, yaani mfumo unaozuia gari kuwaka bila namba ya siri ya ufunguo wake, na hii haihitaji betri hata kidogo. Ukiisogeza sentimita chache kutoka kwenye kitufe cha kuwashia gari, inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyo nyuma ya kitufe hicho na kutoa namba yake ya siri. Ndiyo maana gari linaweza kuwaka hata kwa rimoti ambayo betri yake imekufa kabisa.

Nianzie wapi kabla sijaita fundi?

Chukua rimoti ya pili, kama unayo. Hakuna kipimo kinachokuambia mengi kwa haraka kama hiki. Ya pili ikifanya kazi sawasawa, gari lako ni zima na tatizo liko kwenye rimoti ya kwanza. Zote mbili zikigoma kwa namna moja, acha kuzihangaikia rimoti. Ugonjwa uko kwenye gari.

Kama unayo moja tu, simama mita moja kutoka mlango wa dereva na ujaribu mambo matatu kwa mpangilio huu: bonyeza kitufe cha kufungua; kisha gusa kitasa rimoti ikiwa mfukoni; kisha ingia, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia na uwashe. Vikigoma viwili vya kwanza na cha tatu kikakubali, ni betri ya rimoti karibu kila mara. Kikigoma cha pili peke yake, soma hapa chini kuhusu kitasa. Kikigoma cha tatu peke yake, ni chipu, au ni imobilaiza ya gari.

Taa ndogo nyekundu ya rimoti ikiwaka unapobonyeza, inathibitisha kwamba umeme upo na kitufe kinashika, basi. Haithibitishi kwamba mawimbi yanatoka. Mafundi wengi wa funguo wana kipimo kidogo cha masafa kinachoonyesha kama redio inarusha na kwa megahezi ngapi. Kupima ni kazi ya sekunde chache, na inafaa uiombe kabla hujakubali kununua kitu chochote.

Niko nje, gari halifunguki, rimoti imezima. Naingiaje?

Ndani ya rimoti mna ufunguo mwembamba wa chuma. Tafuta kidude cha kusukuma pembeni au nyuma ya kasha, kisukume, vuta ufunguo. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva. Usipoliona, limefunikwa na kifuniko cha plastiki mwishoni mwa kitasa. Chini yake pana kijitundu cha kuingizia ncha ya ufunguo ili ukiinue.

King'ora kinaweza kulia ukifungua kwa chuma. Gari halijaharibika, linadhani linaibiwa tu. Kitanyamaza ukiliwasha.

Matundu haya ya ufunguo hayatumiki miaka na miaka, vumbi na kutu vikaingia, na siku unayoyahitaji ufunguo hauzunguki. Pulizia mafuta ya kulainisha na uuzungushe ufunguo huo walau mara mbili kwa mwaka. Usiulazimishe ukikwama, ni mwembamba na ukikatikia ndani utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nimeingia, sasa naliwashaje bila betri ya rimoti?

Weka gia kwenye P, kanyaga breki kwa nguvu na usiiachie. Hatua inayofuata hutofautiana:

Toyota: gusisha upande wenye nembo ya Toyota kwenye kitufe cha kuwashia. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe ndani ya sekunde 10. Kosa linaloonekana kila siku ni kugusisha upande wa vitufe, au kuachia breki katikati. Prius za 2004 hadi 2009 zina tundu la kuchomeka rimoti nzima kwenye dashibodi.

Nissan: gusisha rimoti kwenye kitufe, subiri mlio, bonyeza ndani ya sekunde 10. Kadhaa za miaka ya 2000 zina tundu la kuchomeka rimoti badala yake, kwa hiyo angalia kwanza karibu na usukani.

Honda: kitufe kikianza kumeta, kiguse kwa upande wenye nembo ya H, huku vitufe vya rimoti vikikutazama wewe. Likikubali utasikia mlio. Bonyeza ndani ya sekunde 10.

Mazda: taa ya kijani ya kitufe ikimeta, kiguse kwa mgongo wa rimoti, kisha bonyeza.

Subaru: vitufe vikutazame, mgongo uguse kitufe cha kuwashia, na baada ya mlio una kama sekunde 5 tu.

Magari ya Ujerumani yana mahali pake pa pekee. BMW na Volkswagen nyingi zina alama ubavuni mwa nguzo ya usukani ambapo rimoti hushikizwa. Mercedes kadhaa huruhusu kung'oa kitufe cha kuwashia kwa vidole, na nyuma yake likatokea tundu la ufunguo.

Kama kasha la rimoti limevaa jaketi nene la ngozi au silikoni, livue kwanza.

Ni betri gani inaingia?

Ile ya kidonge, ya volti 3. Namba yake si mapambo: kwenye CR2032, tarakimu 20 ni kipenyo kwa milimita na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo kilekile lakini unene wa 2.5. CR1632 ina kipenyo cha 16 na unene wa 3.2.

Toyota nyingi za kati ya 2006 na 2015 hivi hutumia CR1632, na za baadaye CR2032 au CR2450. Nissan na Honda mara nyingi ni CR2032, ingawa Nissan za zamani zaidi zina CR2025. Mazda CX-5 na Demio nyingi ni CR2025. Usiende dukani na orodha hii, nenda na betri ya zamani mkononi, kwa sababu hata ndani ya modeli moja rimoti hutofautiana kwa mwaka.

Muuzaji akikupa CR2025 mahali pa CR2032 akisema "zinaingiliana", kataa. Pengo la milimita 0.7 linatosha kuifanya betri icheze. Rimoti itakubali ukiitikisa na kugoma ikitulia. Na usipange betri mbili nyembamba moja juu ya nyingine, kwa sababu hizo ni volti 6 kwenye ubao uliotengenezwa kwa 3.

Naibadilishaje bila kuvunja kasha?

Toa ufunguo wa chuma. Pale ulipotoka pana mfereji au kijishimo. Funga ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa chembamba au utepe wenye gundi, iingize hapo na uizungushe taratibu. Usichokonoe kama unafungua chupa. Kasha litaachia upande mmoja, malizia kwa kucha kuzunguka ukingo. Baadhi zina kifuniko cha pili ndani chenye skrubu moja au mbili ndogo.

Kabla hujagusa betri, ipige picha ilivyokaa. Rimoti nyingine alama ya kujumlisha huangalia juu, nyingine chini, na kuigeuza ni sababu ya kawaida sana ya "nimeweka betri mpya lakini bado". Ing'oe kwa kijiti cha plastiki au cha mbao. Ukitumia bisibisi ya chuma unaweza kupindisha ulimi wa shaba unaoibana betri, au kukwangua njia za umeme kwenye ubao. Ipya ishike kwa kingo zake, maana mafuta ya vidole huacha utando juu ya chuma.

Ukifunga, mpira wa kuzuia maji ukae kwenye mfereji wake pande zote.

Nikitoa betri, rimoti itasahau gari?

Hapana. Namba za siri zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Fundi anayedai malipo ya kuprogramu upya kwa sababu tu umebadilisha betri anakutoza kazi ambayo haipo.

Nimeweka betri mpya na bado haifanyi kazi. Kwa nini?

Anza na betri yenyewe. "Mpya" maana yake ni kwamba umeinunua leo. Inaweza kuwa imekaa kwenye kabati la kioo juani miaka mitatu. Ipime kwa mita: iliyo nzima husoma volti 3.0 hadi 3.3. Ila kipimo cha betri ikiwa peke yake hudanganya, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha 2.9 ikiwa imepumzika na kuporomoka mara tu rimoti inapotaka kurusha. Kama unaweza, gusisha ncha za mita kwenye pande za betri ikiwa ndani ya rimoti huku mwenzako anabonyeza kitufe. Ikishuka chini ya 2.6 au 2.5 unapobonyeza, itupe.

Kisha angalia ndimi za shaba. Zikiwa zimelala, ziinue kidogo sana kwa ncha ya pini. Zikiwa na ukungu wa kijani au weupe, zisugue kwa kifutio cha penseli na uzipanguse kwa spiriti. Huku pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, hewa yenye chumvi hufanya kazi hii hata kwa rimoti ambayo haijawahi kuguswa na maji.

Kuna betri zilizopakwa dawa chungu ili mtoto aziteme. Dawa hiyo inaweza kuzuia umeme kupita. Futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti.

Kama rimoti ilikaa na mtoto aliyekuwa akiibonyeza mbali na gari siku nzima, hesabu yake ya namba za siri inaweza kuwa imelitangulia gari. Kila ukibonyeza, namba hubadilika, na gari hukubali zile zilizo mbele kidogo tu ya ile ya mwisho liliyoisikia. Simama karibu na gari, bonyeza kitufe kilekile mara mbili au tatu mfululizo. Mifumo mingi hujirekebisha hapohapo.

Na kwa Toyota kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabisa. Ukishikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, rimoti inaingia hali ya kubana matumizi ya betri na taa yake inameta mara 4. Baada ya hapo kugusa kitasa hakuleti kitu. Inaweza kutokea mfukoni bila mtu kukusudia. Kuitoa, bonyeza kitufe chochote cha rimoti. Prius zile za 2004 hadi 2009 zina pia kitufe chini ya usukani kinachozima mfumo mzima wa kugusa. Goti au mwosha gari akikibonyeza, utadhani rimoti zote zimeharibika.

Betri inaisha kila baada ya miezi miwili. Ni rimoti mbovu?

Toyota wenyewe huandika kwamba betri ya rimoti ya aina hii hudumu mwaka 1 hadi 2, hata usipobonyeza kitufe. Sikio lake halilali, husikiliza muda wote. Miezi miwili basi si kawaida, ila kabla ya kuilaumu rimoti angalia inalala wapi usiku.

Ukiiweka juu ya televisheni, karibu na chaja ya simu, kompyuta au taa ya mezani, mawimbi ya vifaa hivyo huifanya iamke tena na tena ikidhani gari linaita. Iweke walau mita 1 mbali navyo. Vivyo hivyo kwa nyumba ambazo gari huegeshwa ukutani kabisa na rimoti hutundikwa upande wa pili wa ukuta huohuo. Hapo rimoti na gari huongea usiku kucha, na huisha si betri ya rimoti tu, hata ile kubwa ya gari hupungua.

Ukiyarekebisha hayo na bado inaisha, kuna kitufe kilichokwama kikiwa kimebonyea nusu, au ubao uliwahi kuloa na sasa unavujisha umeme. Fungua, bonyeza kila kitufe kwenye ubao wenyewe usikie mlio wake. Kisicholia ndicho.

Vitufe vinafungua vizuri, lakini nikigusa kitasa hakuna kitu.

Mdomo mzima, sikio bovu, au betri dhaifu. Anza na betri, maana kusikia ndiko huchoka kwanza. Kisha uliza: rimoti ilianguka sakafuni? Koili ya kusikia ni kijisanduku kidogo cheusi, cha mraba, kilichochomelewa kwenye kona ya ubao, na ndicho kizito kuliko vyote hapo. Ikianguka kwenye sakafu ya vigae, risasi ya kuchomelea iliyokishika hupasuka ufa usioonekana bila kioo cha kukuzia. Fundi wa simu mwenye mkono mwepesi anaweza kuichomelea upya kwa dakika chache. Rimoti nyingi hutupwa kwa sababu ya ufa huu, na inauma, kwani kilichohitajika ni tone la risasi.

Kama rimoti zote mbili zina dalili hii, chunguza chaja za kuchomeka kwenye tundu la sigara, kamera za dashibodi na taa za LED zilizoongezwa. Za bei rahisi hutoa kelele ya umeme inayozima mawimbi ya chini. Chomoa kila kilichoongezwa, jaribu tena.

Mlango wa dereva unagoma, wa abiria unakubali.

Rimoti yako haina kosa. Tatizo ni sensa au antena ya kitasa hicho, au waya uliokatika ndani ya mpira unaopita kati ya mlango na mwili wa gari, ambao hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Mlango wa dereva hufunguliwa zaidi, ndiyo maana huanza wenyewe. Kwa buti la nyuma, kagua kwanza kitufe chenye mpira juu ya namba ya gari. Mpira ukipasuka maji huingia.

Gari linakataa kujifunga, linalia tu.

Mlango mmoja haujafunga sawasawa, au rimoti ya pili imesahaulika ndani, au gia haiko P na gari halijazima kabisa. Angalia kwa mpangilio huo.

Inagoma mahali pamoja tu, kwingine iko sawa.

Mahali hapo pana mawimbi mengine yenye nguvu: mnara wa redio au televisheni, uwanja wa ndege, kituo cha umeme. Sogea hadi rimoti iguse kitasa, au tumia ufunguo wa chuma. Kuna pia ujanja wa kushika rimoti chini ya kidevu. Mwili una maji mengi na huongeza kidogo umbali wa mawimbi ya vitufe. Unasaidia kweli, ila usitarajie zaidi ya mita chache.

Kama ni kwenye maegesho ya duka na hitilafu ni ya kufunga, kuwa mwangalifu. Wezi hubonyeza kifaa kingine cha masafa hayohayo unapofunga, gari lisisikie, wewe ukaondoka ukidhani limefungwa. Wizi huu unajulikana sana Afrika Kusini. Vuta kitasa cha mlango wa nyuma kwa mkono kabla hujaondoka, au tazama indiketa zimemeta.

Imeloa. Nifanye nini sasa hivi?

Usiibonyeze kuona kama bado inafanya kazi. Fungua, toa betri mara moja. Umeme ndani ya maji ndio unaokula shaba, maji peke yake hayana haraka hiyo. Ikiwa ni maji ya bahari, au ya kufulia yenye sabuni, suuza ubao kwa maji yaliyosafishwa viwandani, yale ya kuongeza kwenye betri kubwa (hakikisha ni maji matupu, si asidi). Kisha sugua taratibu kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pande zote, hasa chini ya vitufe. Iache mahali pakavu penye upepo saa 24. Siyo juani kwenye dashibodi, siyo kwa kikausha nywele cha moto.

Mchele hauvuti maji yaliyo chini ya vipande vya ubao, na unga wake huingia humo humo. Weka betri mpya baada ya kukauka; ile iliyoloa usiirudishe.

Vitufe vimelika, nataka kubadilisha kasha tu. Kuna hatari?

Moja kubwa. Kwenye rimoti zenye ufunguo wa kuzungusha, chipu ya imobilaiza mara nyingi haiko kwenye ubao. Ni kipande kidogo cheusi kama kipisi cha penseli, au kimrija cha kioo, kimebandikwa kwenye ukuta wa kasha. Fundi wa haraka huhamisha ubao, hutupa kasha la zamani, na gari hufunguka vizuri lakini haliwaki. Omba urudishiwe kasha la zamani kila mara, na uwashe gari kabla hujaondoka pale. Kwenye rimoti za kuwasha kwa kitufe, chipu huwa ndani ya ubao, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo.

Kitufe kimoja kikifa na vingine vizima, huhitaji kasha wala rimoti. Ni swichi ndogo kwenye ubao. Hung'olewa na kuchomelewa nyingine ya urefu uleule. Ikizidi urefu hata nusu milimita, kasha litaibonyeza muda wote na betri itaisha kwa siku chache.

Rimoti zote mbili zimekufa siku moja.

Pima betri kubwa ya gari. Likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, volti 12.6 ni afya, chini ya 12.0 ni njaa. Gari lenye njaa linaweza kuwasha taa za ndani na bado kompyuta ya rimoti ikashindwa kuamka. Baada ya hapo nenda kwenye fyuzi. Kwa Toyota tafuta zilizoandikwa DOME na ECU-B. Ukiona fyuzi imeungua, badilisha kwa ampea zilezile, na ikiungua tena usiongeze ukubwa, tafuta waya unaogusana.

Kisha jiulize ni nani aliyegusa nyaya za gari hivi karibuni. Vifaa vya kufuatilia gari vinavyofungwa kwetu vingi vina relei, yaani swichi ya umeme, ya kukata injini. Relei hiyo ikilegea, gari hukataa kuwaka kama vile rimoti haitambuliki, na watu wamebadilisha rimoti mbili kabla ya kugundua.

Dashibodi inaandika Kijapani. Inasemaje?

Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Bila simu, kumbuka maumbo mawili: キー ni ufunguo, 電池 ni betri. Yakikaa pamoja, rimoti inaomba betri. キー bila 電池 mara nyingi ni kwamba gari halioni rimoti.

Nikiagiza rimoti mtandaoni, niangalie nini?

Masafa kwanza. Rimoti inaweza kufanana kwa umbo, vitufe na nembo, ikawa ya megahezi 433 wakati gari lako linasikia 314. Haitaongea nalo kamwe, na hakuna kuprogramu kunakobadilisha hilo kwa rimoti ya kawaida. Fungua ya zamani usome namba iliyochapwa kwenye ubao wenyewe. Toyota nyingi zina namba ya aina ya 271451 ikifuatiwa na tarakimu nne. Nunua yenye namba zote sawa. Picha ya kasha haitoshi.

Ya pili, rimoti iliyokwisha kusajiliwa kwenye gari jingine, hasa ya Toyota, hujifunga na haikubali gari la pili mpaka ifunguliwe kwa mashine maalumu. Muuzaji wa vipuri vya magari yaliyokatwa akikuuzia, muulize kama imefunguliwa, na ulipe baada ya gari kuwaka.

Nimebaki na rimoti moja. Nisubiri?

Usisubiri. Kuongeza rimoti wakati moja iko hai ni kazi fupi: fundi huchomeka mashine kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, anaonyesha rimoti ya zamani, kisha mpya. Zote zikipotea, inabidi imobilaiza ifutwe na kuanzishwa upya, na kwa baadhi ya magari kompyuta hung'olewa na kufunguliwa mezani. Gharama hupanda mara kadhaa, na gari huvutwa hadi kwa fundi.

Magari mengi hufika kutoka Japani na rimoti moja. Yakija na kibati kidogo chenye namba ya ufunguo, kipige picha na ukihifadhi nyumbani; kwa namba hiyo ufunguo wa chuma huchongwa bila kuwa na wa mfano.

Kazi ikiisha, mwambie fundi akuonyeshe kwenye mashine ni rimoti ngapi zimesajiliwa. Ukiona tatu na wewe unazo mbili, kuna mtu anayo ya tatu, au ilipotea kabla yako. Ifutwe hapohapo.

Ni kweli mtu wa nyumbani anaweza kubonyeza rimoti kwenye simu na gari likafunguka nilipo?

Si kweli. Simu husafirisha sauti, rimoti hurusha redio.

Niko Ulaya au Kanada, nimenunua mfuko wa kuzuia wizi. Sasa rimoti inasumbua.

Mfuko unafanya kazi yake ya kuzuia mawimbi. Huko wezi husimama na vifaa viwili, kimoja karibu na mlango wa nyumba na kingine karibu na gari, wakirefusha mawimbi ya gari hadi kwenye rimoti iliyo sebuleni. Chama cha madereva cha ADAC cha Ujerumani kimepima mamia ya modeli na nyingi zilifunguka kwa njia hiyo. Toa rimoti mfukoni humo kabla ya kufika kwenye gari. Ikiwa nusu ndani nusu nje, itasikika leo na kesho isisikike. Rimoti za mfumo mpya zina kihisi kinachoilaza ikitulia mezani. Ikichelewa kujibu, itikise.

Betri ya zamani niitupe wapi?

Izungushie utepe wenye gundi pande zote mbili kwanza, uiweke mahali mtoto hafiki, na ipeleke panapopokelewa betri chakavu. Betri ya kidonge ikikwama kooni mwa mtoto huanza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata ile ambayo haiwezi tena kuendesha rimoti. Ukishuku amemeza, usimtapishe, usisubiri dalili. Mpeleke hospitali wakati huohuo na umwonyeshe daktari betri ya aina ileile au namba yake.